Pikapu ya dizeli inalia "tk-tk-tk" ikiwa ya baridi, mafundi wanataka kushusha injini. Naomba ushauri kabla haijafunguliwa

Msafirishaji wa Mwaloni (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Niko Kirumba, Mwanza. Nina Hilux D-4D yenye injini ya 1KD-FTV, lita 3, gia za mkono. Kazi yake ni dagaa. Alfajiri naifuata Igombe au Kayenze, naleta mzigo Mwaloni, na mara nyingine navuka daraja la Kigongo–Busisi kufuata mzigo upande wa Sengerema.

Tatizo ni mlio. Nikiwasha asubuhi inalia tk-tk-tk, mlio mkavu unaotoka juu ya injini, si chini. Nikikanyaga mafuta unaenda kasi pamoja na injini. Nikifika maeneo ya uwanja wa ndege injini ikiwa imeshapata moto, unapungua sana lakini haupotei. Ikiwaka inatoa moshi mweupe kidogo halafu unakata. Nguvu imepungua nikiwa na mzigo, hasa kwenye kupanda. Oili haipungui, ila inakuwa nzito na nyeusi mapema mno.

Gari niliinunua kwa mtu. Aliniambia nozeli zote nne, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, zilibadilishwa kwenye gereji moja muda mfupi kabla ya kuniuzia, na kweli kwa nje zinaonekana mpya.

Fundi wa kwanza kaisikiliza kidogo tu, akasema imenoki, tushushe injini. Wa pili akasema ninunue nozeli zote nne. Gari hii inalisha familia yangu na vijana wanaopakia. Sitaki kuifungua kwa kubahatisha. Mwenye ujuzi anisaidie.

Kijana wa Igoma

Pole mkuu. Oili unaweka namba ngapi? Na ukiwasha asubuhi, taa ya oili kwenye dashibodi inazima haraka au inachelewa?

Msafirishaji wa Mwaloni

Naweka 15W-40. Taa inazima, ila siku hizi inachelewa kidogo kuliko nilipoinunua.

Fundi Mstaafu Nyakato

Kijana wangu, nilikuwa nasoma tu nipite, lakini hilo la taa ya oili ndilo limenikalisha. Kuanzia leo usiipe injini hiyo mzigo mzito mpaka tujue. Nitakueleza sababu huko mbele.

Tuanze na mlio wenyewe. Injini yako ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, inazunguka kama mara 750 kwa dakika. Kwa silinda nne hiyo ni milipuko 25 kila sekunde, na sikio halihesabu kitu hapo, linasikia mngurumo. Silinda moja peke yake inawaka mara 6 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo ukisikia mlio unaojitenga na mngurumo, ambao unaweza kuufuata kwa kugonga kidole kwenye bodi, jua unasikiliza silinda moja, au kitu kinachokwenda na kemshafti, ile shafti ya juu inayofungua valvu, maana kemshafti inazunguka nusu ya kasi ya krenki, shafti kubwa ya chini inayozungushwa na pistoni. Mlio unaokuja mara mbili ya hapo unafuata krenki yenyewe, na hapo ndipo unaanza kufikiria flaiwili na puli ya mbele.

Sasa neno "imenoki". Beringi za konrodi, vile vyuma vinavyounga pistoni na krenki, zikichoka, mlio ni mzito, wa chini, unausikia kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Unazidi injini ikipata moto kwa sababu oili imekuwa nyepesi, na unazidi tena ukiibebesha. Wako uko juu, ni mkavu, na unapungua ikipata moto. Unafanya kinyume chake karibu kwa kila kitu. Kwa ushahidi huo mimi sishushi injini ya mtu.

Mlio wa juu unaopungua na joto una watuhumiwa wachache. Nozeli inayomwaga mafuta vibaya ni mmoja. Dizeli ikiwa ya baridi inachelewa kuwaka, ikija kuwaka inawaka yote kwa pamoja na kugonga. Ndiyo maana mifumo ya reli kama wako, yaani bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote, inatanguliza tone dogo la mafuta kabla ya mafuta yenyewe, ili moto uanze polepole. Nozeli ikishindwa kutoa tone hilo sawasawa, silinda hiyo inagonga. Mwingine ni pistoni iliyolegea kwenye silinda, inayopigapiga ukuta mpaka itanuke. Mwingine ni ekzosti manifoldi inayovuja. Na wa mwisho, ambaye mafundi wengi wanamruka, ni washa ya shaba, ile pete bapa ya kuziba iliyo chini ya nozeli. Isipokaa vizuri, mgandamizo unapenya pembeni ya nozeli kila silinda inapobana.

Uliposema nozeli zilibadilishwa, nikamfikiria huyo wa mwisho.

Kesho asubuhi kabla hujaiwasha, tafuta bisibisi ndefu. Washa, kisha weka ncha yake karibu na kila nozeli na mpini kwenye sikio. Shati liwe limefungwa vifungo na mikono ikae mbali na feni. Nozeli nzima inalia kama cherehani, na zote nne zinapaswa kufanana. Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, usogeze kiganja. Upepo kidogo ni kawaida kwa dizeli yenye umri. Unachotafuta ni pumzi inayopiga kwa mapigo, "puf, puf, puf", sambamba na ule mlio. Njoo useme ulichokuta.

Mvuvi wa Ukara

Huku kwetu injini za dizeli zikianza kulia hivyo tunachanganya mafuta ya taa kidogo kwenye tanki, yanasafisha nozeli. Jaribu mkuu, ni rahisi kuliko kufungua.

Fundi Mstaafu Nyakato

Ndugu yangu wa Ukara, nakuomba sana usimpe mtu ushauri huo kwa gari la reli. Pampu ya mfumo huu inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili ya kwake. Mafuta ya taa ni makavu, hayana utelezi unaotosha. Inasukuma mafuta kwa zaidi ya bar 1,000, na chuma kinachosuguana kikavu kwa presha hiyo kinatoa unga. Unga huo unaingia kwenye reli, kwenye reli unaingia kwenye nozeli zote nne, na hapo hakuna kinachosafishika tena. Injini za zamani kama 2L na 3L zilikuwa na pampu ya kimakanika yenye presha ndogo zaidi, zilivumilia kwa muda, ingawa nazo zilikuwa zinaumia.

Kijana wa Igoma

Naongezea. Tulikuwa tunaumizwa na uchakachuaji vituoni mpaka serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili bei ikaribie dizeli na faida ya kuchanganya iondoke. Itakuwa ajabu tuanze kujichakachulia wenyewe kwenye tanki.

Mama Dagaa Kayenze

Habari zenu. Mwanangu, kabla hujakubali habari ya nozeli, angalia pia gasketi ya ekzosti manifoldi. Pikapu yangu ililia hivyo hivyo asubuhi na kutulia ikipata moto, na mafundi wote wakasema nozeli. Kijana mmoja mtulivu akamulika tochi kwenye manifoldi akaona masizi meusi yametawanyika kwenye pori moja tu. Bolti ilikuwa imekatika. Chuma kikitanuka kwa moto upenyo unajiziba, ndiyo maana mlio unapungua.

Jambo jingine, usimwambie fundi "inalia" ukanyamaza. Mwandikie kwenye karatasi: inalia lini, wapi, ukifanya nini, na inaacha lini. Nimeona fundi anayepewa maelezo anafanya kazi tofauti na anayeachiwa ufunguo.

Fundi Mstaafu Nyakato

Mama amesema la kweli kabisa. Manifoldi ikivuja inalia karibu sawa na washa ya nozeli, na tofauti yake ni masizi. Kijana, ongeza hilo kwenye kazi ya kesho. Tazama pia oili kwenye stiki: imepanda juu ya alama? Kwenye injini hii bomba la kurudishia mafuta ya nozeli liko ndani ya kava ya tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini. Likivuja, dizeli inashuka kwenye oili na kuiongeza kimyakimya.

Msafirishaji wa Mwaloni

Shikamoo mzee wangu, na asante mama.

Nimefanya yote asubuhi hii kabla ya kwenda Igombe. Manifoldi ni kavu, haina masizi popote. Oili kwenye stiki iko kwenye alama, haijapanda. Kwa bisibisi nozeli ya 1, 2 na 4 zinafanana. Ya 3 ina sauti ya ziada, si kugonga tu, kuna kama kufoka ndani yake. Nikafungua kifuniko cha oili. Mzee, pumzi inapiga kwenye kiganja kwa mapigo, na mapigo yanakwenda sawa na mlio. Harufu yake ni ya moshi wa ekzosti.

Fundi wa Buhongwa

Hapo mimi nasema ni pistoni ya 3. Pistoni ikichoka au ringi zikivunjika, mgandamizo unashuka kwenye sampo na kutokea kwenye kifuniko cha oili. Dalili zote hizo zipo. Hedi itoke.

Fundi Mstaafu Nyakato

Hoja yako ni nzuri mwenzangu na haipaswi kupuuzwa, kwa sababu ringi na washa zote zinatoa pumzi kwenye kifuniko hicho. Lakini kuna njia ya kuzitenganisha bila kufungua hedi, na ni bora tuipite kwanza.

Kwanza aende kwa mtu mwenye kompyuta inayosoma injini hii vizuri, si ile ndogo ya kufuta taa tu. Asome marekebisho ya mafuta kwa kila silinda ikiwa sailensa. Injini inajipima yenyewe: silinda ikizubaa inaiongezea mafuta, ikizidi nguvu inaipunguzia. Namba ikivuka 3 juu au chini ya sifuri, kuna jambo hapo. Kisha kwa kompyuta hiyo hiyo wazime silinda moja moja, huku mtu mwingine ameweka sikio.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea hukumu. Ukizima silinda mlio ukatoweka kabisa, umejua silinda ila hujajua kitu. Nozeli mbovu inanyamaza, na beringi ya konrodi nayo inatulia, kwa sababu umeondoa mlipuko unaoisukuma. Lakini ukizima silinda ya 3 kugonga kukapungua huku kule kufoka kukibaki, basi kinachofoka hakihitaji moto. Ni mgandamizo wa hewa tupu unaopenya. Hapo unabaki na vitu viwili, ringi na washa. Ringi zilizochoka kawaida zinakula oili na kutoa moshi wa bluu, na yeye amesema oili haipungui. Halafu mnatoa plagi ya kupashia moto ya silinda ya 3, mnafunga geji ya mgandamizo, mnapima, mnatia oili kidogo ndani na kupima tena. Ringi zikiwa ndiyo tatizo, namba inapanda. Isipopanda, upenyo uko juu, kwenye valvu, gasketi ya hedi au kiti cha nozeli.

Na tafadhali, msilegeze nati za bomba za reli injini ikiwa inaunguruma. Kwenye 3L na 5L tulikuwa tunalegeza kutafuta silinda inayogonga. Mafuta ya reli yanatoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha linaonekana dogo huku mkono unaoza. Wala msichomoe soketi za nozeli kwa mkono inapounguruma, umeme unaokwenda pale ni mkubwa kuliko wa betri.

Fundi wa Buhongwa

Nimekuelewa mzee. Akitia oili namba isipande, naondoa hoja yangu.

Kijana wa Kompyuta Mabatini

Mwanzisha uzi, wakikusomea marekebisho waambie wasome pia kodi (code) za nozeli, yaani namba zake za vipimo. Kila nozeli ina kodi yake imeandikwa juu, na kodi hiyo inatakiwa iwe imeingizwa kwenye kompyuta ya gari, kwa silinda ile ile. Ukifunga nozeli mpya bila kuingiza kodi, injini inaipa vipimo vya ile iliyotoka. Naliona hilo mara nyingi mno kwenye magari yanayokuja kwangu. Kazi ya kuingiza ni fupi, ila watu hawaifanyi.

Msafirishaji wa Mwaloni

Mrejesho wakuu.

Marekebisho: silinda ya 3 imeongezewa mafuta na imevuka ile 3 ya mzee. Nyingine ziko karibu na sifuri, isipokuwa ya 1 iko chini kidogo lakini ndani ya kipimo. Tulipozima ya 3, kugonga kukapungua, kufoka kukabaki pale pale. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika bisibisi. Tukapima mgandamizo, silinda ya 3 iko chini ya wenzake. Tukatia oili, haikupanda. Na kodi za nozeli ya 1 na ya 3 hazilingani na zilizoandikwa juu yake.

Kesho tunafungua kava ya tapeti.

Mama Dagaa Kayenze

Mungu akutangulie mwanangu. Umefanya vizuri kutokimbilia.

Msafirishaji wa Mwaloni

Mrejesho wa pili, na huu ni kwa yeyote mwenye gari ya aina hii.

Kava ilipotoka, kuzunguka nozeli ya 3 kulikuwa na lami nyeusi ngumu, unaichimba kwa bisibisi. Kuzunguka ya 1 ilikuwa imeanza. Nozeli ya 3 ilitoka kwa tabu, ikabidi ilowekwe na kuzungushwa polepole. Chini yake kulikuwa na washa mbili za shaba, moja juu ya nyingine. Ya chini ilikuwa ya zamani, imekandamizwa mpaka ukingo umekatika. Gereji iliyobadilisha nozeli haikutoa washa ya zamani, ikaweka mpya juu yake, na kiti hakikusafishwa. Ya 1 ilikuwa na washa moja ya zamani iliyorudishwa. Nilisikitika sana kwa sababu washa hizi ni kitu kidogo mno dukani.

Tumesafisha viti vyote vinne kwa kifaa chake, tukafunga washa mpya nne, na kibano cha kila nozeli kimekazwa kwa spana ya kipimo, si kwa nguvu ya mkono. Bomba la kurudishia mafuta limewekewa gasketi mpya na limejaribiwa kuvuja kabla ya kufunga kava. Kodi zote nne zimeingizwa.

Lakini mzee wangu, nilikumbuka maneno yako ya taa ya oili, nikawaomba washushe sampo pia. Kile kichujio cha wavu ambako pampu inavuta oili kilikuwa kimezibwa na masizi karibu nusu. Ule moshi uliokuwa unapenya kwenye washa ulikuwa unaingia kwenye oili, unaganda na kushuka huko chini. Fundi aliponionyesha nilikaa chini. Injini ilikuwa njiani kukosa oili kabisa, na siku hiyo ingenoki kweli.

Asubuhi hii nimewasha. Kimya. Taa ya oili imezima papo hapo. Mlima nimeupanda na mzigo kwa gia ya juu kuliko nilivyozoea.

Fundi Mstaafu Nyakato

Hiyo ndiyo sababu niliyokuambia nitaieleza mbele, na umeiona kwa macho yako. Wavu ukiziba, taa inachelewa kuzima asubuhi kwa sababu oili nzito ya baridi inapita kwa shida. Halafu siku moja haizimi. Injini nyingi za aina hii zinazoitwa "zilikufa zenyewe" zilianzia kwenye washa.

Sasa usilale. Oili uliyoweka leo itayeyusha masizi yaliyobaki kwenye njia zake, kwa hiyo imwage mapema, kilomita 1,000 zinatosha, pamoja na filta. Baada ya hapo rudi kwenye ratiba yako, lakini kwa kazi ya mzigo na vumbi usifike 10,000. Kila unapomwaga, fungua kifuniko cha kujazia na utie kidole ndani: ukikuta utelezi mweusi wa kawaida ni sawa, ukikuta lami, angalia washa tena. Na uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kama aliyekuuzia hana jibu, ubadilishe sasa. Taa ya T-BELT inawaka kila kilomita 150,000, ila inaweza kufutwa bila mkanda kuguswa.

Dereva wa Magu

Wakuu samahani, yangu ni 2KD ya lita 2.5, inalia hivyo hivyo ila inapopata moto ndiyo inazidi, na mlio uko chini. Nozeli hazijawahi kuguswa. Nianzie na hiyo ya washa?

Fundi Mstaafu Nyakato

Hapana. Wewe izime, isiwashwe tena. Pima presha ya oili kwa geji ya kufunga kwenye injini, si kwa taa, kisha shusha sampo uangalie wavu na beringi. Uko Magu mjini au njiani?

Dereva wa Magu

Niko Kisesa, nimepaki kituoni.

Fundi Mstaafu Nyakato

Basi ivute mpaka Nyakato, ni karibu. Nitumie ujumbe kwa faragha nikuelekeze pa kuileta.